Kumpeleka Mama Monika Rangwi

Nimechoka kusimulia. Tangu nirudi, kila anayenikuta kwenye chai ya saa nne ananiuliza ilikuwaje huko milimani, na kila nikifika katikati anaingia mwingine anayetaka nianze upya. Basi nimeamua kuandika mara moja, msome wote, kisha mniache ninywe chai yangu ikiwa ya moto. Habari za ruhusa, tiketi na mihuri naziruka. Anayetaka kujua ofisi zetu zinavyokwenda akapange foleni mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua, na utani wenu nimeuzoea: kwamba kati ya wodi zote nimejichagulia mbili ambazo watu wakizipita huongeza mwendo, ya wagonjwa wa akili na ya wagonjwa wa kansa. Katika ile ya pili ndimo nilimokutana na Mama Monika, mjane, mkulima wa Rangwi kule Usambara. Titi lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuliwa na ugonjwa kabla hajaletwa Dar es Salaam. Niliitwa kwa sababu alikuwa hasemi. Hakujibu madaktari, hakujibu manesi, na wenzangu wakadhani akili imemtoka.

Nilikaa naye siku baada ya siku bila kupata hata neno. Siku moja nikasema, kwa kukosa la kusema, kwamba niliwahi kufanya kazi Lushoto. Akageuza kichwa, akaniuliza kama vuli imeshaanza kunyesha kule. Hakuwa na wazimu hata kidogo. Alikuwa na jambo moja tu moyoni, na hakuona wa kumwambia. Binti yake wa pekee, Monika, alikuwa ameposwa, na mama alitaka amwone akiolewa kabla hajafa. Daktari wa upasuaji alishasema hakuna tena cha kukata. Nami nilikuwa karibu kwenda Lushoto kuwafundisha waganga wasaidizi wa zahanati namna ya kuwatambua na kuwatunza wagonjwa wa akili vijijini. Nikamwambia tutakwenda pamoja.

Aliniapisha kitu kimoja. Nyumbani walijua anatibiwa tumbo. Neno kansa nisilitamke mbele ya mwanawe.

Dar es Salaam hadi Mombo

Tulipanda treni ya Moshi, mimi, Mama Monika na Rehema, nesi wa wodi aliyepewa kazi ya kumfunga vidonda njiani. Rehema ni Mbondei wa Muheza, na mdomo wake hauchoki. Kikapu chake kilikuwa na bandeji, dawa za maumivu, mayai ya kuchemsha na machungwa, vyote vimechanganyika, na kila alipotafuta kimoja alitoa vingine vyote kwanza.

Ruvu treni ilisimama kumpisha mwenzake anayetoka juu. Mwenzake hakuja. Watu wakashuka, wakawasha moto wa chai kando ya reli, wakaanza kujuana. Behewani mwetu alikuwamo mzee mmoja fundi cherehani anayekwenda Same. Alipoona mama anavyokaa kwa taabu, akamtolea mto wake mwenyewe, kisha akanisifu kwamba siku hizi vijana wanaomsindikiza mama mzazi namna hii hawapo. Nilifungua mdomo kumsahihisha, Mama Monika akaniwahi. Akasema ndiyo, huyu ndiye mwanawe wa kwanza. Fundi akaniangalia upara, akamwangalia mama ambaye hajanizidi sana umri, akasema Mungu ni mwema. Sikusahihisha mpaka leo, na toka hapo Mama Monika aliniita mwanangu.

Nilikwenda na njaa mpaka Korogwe, maana mayai ya Rehema yalinukia dawa. Mombo tulishuka asubuhi, jua limeshakuwa kali.

Mombo hadi Lushoto

Mombo ni mahali pa kungoja. Mtu anangoja basi la kupanda Lushoto, basi linangoja abiria, na abiria wako hotelini wanangoja sambusa. Mama Monika aliketi kivulini akitazama ukuta wa milima mbele yetu, na kwa mara ya kwanza aliomba chakula. Alitaka chai ya maziwa. Alikunywa nusu kikombe, Rehema akanifinya mkono kwa furaha.

Kona za kupanda Soni nilizikumbuka vizuri, na nilidhani nazo zinanikumbuka kwa wema. Kabla hatujafika kwenye maporomoko ya maji nilikuwa nimetoa kichwa dirishani, natapika chai yote. Mgonjwa wangu wa kansa ndiye aliyenishika paji la uso, akanipa chungwa ninuse, huku akiwaambia abiria kwa Kishambaa maneno yaliyowachekesha wote. Rehema alikataa kunitafsiria.

Na Lushoto je? Nitaieleza vipi bila ninyi kunicheka? Nilipelekwa pale uhuru ukiwa bado mbichi, daktari kijana mwenye suti moja, mtu wa Ukerewe aliyezoea joto na samaki. Daktari Mzungu alikuwa ameondoka na kuniachia nyumba yenye tanuri la kuotea moto ukutani, nami sikujua hata kuni zinawekwa upande gani. Mpishi, mzee Kaoneka, alinifundisha kuwasha moto, kula maharage bila kulalamika, na kuitikia salamu. "Onga mshi," alikuwa akinisalimu kila mchana, na nikikosea kuitikia hanipi chakula mpaka nirekebishe. Jioni tulikuwa tunasikiliza redio na majirani, tunabishana juu ya nchi itakavyokuwa. Tulikuwa na uhakika wa kila kitu. Nimekuwa na nyumba kubwa zaidi tangu hapo, lakini sijawa na furaha kama ile.

Ni wakati huohuo nilipoitwa katika kijiji kimoja cha bondeni nikamkuta kijana amefungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba, amefungwa miaka, na mama yake anamlisha kwa mkono huku analia. Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa, na njia nyingine hawakuwa nayo, isipokuwa kumpeleka kwenye ile nyumba ya wagonjwa wa akili iliyojengwa enzi za Mjerumani upande wa Korogwe, ambako jina la ukoo lingebaki na doa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mzee Kaoneka kwamba nimeshajua nitakachokwenda kusomea. Akasema nimalize maharage kwanza.

Safari hii nilipita mbele ya ile nyumba niliyoachiwa na Mzungu. Bwana shamba wa wilaya anaishi humo sasa, ameanika nguo barazani. Mzee Kaoneka alikwisha fariki. Nilisimama pale kwenye baridi muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima.

Lushoto hadi Lukozi

Landrova ya hospitali ilikuwa juu ya mawe, haina magurudumu. Jumapili asubuhi tukapata lori lililoleta kabichi sokoni na sasa linarudi tupu kuelekea Rangwi. Tulimlaza mama juu ya magunia, mimi na Rehema tukaketi kando yake. Msitu wa Magamba ulikuwa umejaa ukungu. Mama alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu, na alipoona namtazama akasema Dar es Salaam hewa yake imekwisha kuvutwa na watu wengine.

Humo msituni gurudumu likapasuka. Dereva alikuwa na tairi la akiba, lakini nalo lilikuwa limepasuka. Likazibwa hapo hapo kwa uvumilivu na gundi, na tulipofika Lukozi ilikuwa inakaribia saa nane. Mnaikumbuka amri ya Jumapili ya kuokoa mafuta, kwamba baada ya saa nane mchana gari lisionekane barabarani. Mjini tunaijua kwa kuivunja vichochoroni. Dereva huyu alizima injini, akafunga mlango, akasema, "Amri ni amri, Ndugu Daktari. Kesho asubuhi." Nilimweleza habari ya mgonjwa. Alinisikiliza kwa heshima zote, akaenda kula.

Lukozi hadi Rangwi

Aliyetuokoa ni balozi wa nyumba kumi, mtu mfupi aliyekuwa anatoka kanisani na kitabu cha nyimbo mkononi. Hakuuliza mengi. Aliita wanaume, wakaleta miti miwili na blanketi, wakatengeneza machela kwa muda mfupi tu, maana milimani ndivyo wagonjwa wanavyosafiri tangu zamani, wanaume wakipokezana kijiji kwa kijiji. Kwa kuwa njia ya mkato inapanda na kushuka ghafla, wakachukua khanga wakazisokota, wakamfunga mama kifuani na magotini asiteleze.

Tukiwa tunaondoka, balozi aliniuliza kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wamejaa kwenye vibanda vya mboga, mimi ni daktari wa nini. Nikajibu kwa sauti pia, maana ni cheo nilichokitolea jasho, kwamba ni daktari wa magonjwa ya akili. Balozi aliitikia "Aa" tu. Mama mmoja mwenye tenga la viazi alimtazama mgonjwa, akazitazama khanga zilizosokotwa, akaondoka mbio kwa njia nyingine.

Njia nzima nilifurahia adabu za watu. Kila tulipopita walisimama kando kimya, wakawavuta watoto ndani, wengine wakavua kofia. Nilimwambia Rehema kwamba watu wa huku bado wana heshima kwa mgonjwa. Rehema, ambaye Kibondei chake kinamfanya asikie Kishambaa chote, hakujibu. Rehema asiyejibu ni jambo la kutia wasiwasi, lakini nilikuwa nahema mno hata sikulitambua. Tulipopumzika walinipa viazi na maharage, nikavila kwa hamu na kumkumbuka mzee Kaoneka.

Tulifika Rangwi jua linatua. Monika alikuja mbio akitokea shambani, msichana mrefu, mikono imejaa udongo, akapiga magoti kando ya machela na kumwamkia mama yake shikamoo kabla ya kuanza kulia. Nyuma yake akaja Anselmi, kaka wa Mama Monika, ndiye mwenye kauli juu ya ndoa sasa kwa kuwa baba wa msichana hayupo. Kabla hata ya salamu aliuliza nani amemfunga dada yake. Akamfungua mwenyewe.

Usiku huohuo Rehema aliniambia kile alichokuwa amekinyamazia. Rangwi nzima inajua kwamba mama wa Monika ameingiwa na wazimu huko Dar es Salaam, na analetwa amefungwa na daktari wa wehu.

Rangwi

Kwetu sote nchi hii, kabla ya posa kukubaliwa, watu huchunguza: kuna kifafa, kuna ukoma, kuna wazimu? Huko milimani uchunguzi huo hauishi mpaka siku ya harusi. Anselmi alinieleza hivyo asubuhi, kwa upole ulioniuma kuliko kama angenifokea. Kauli ya upande wa pili ilikuwa kwa Mama Tekla, shangazi wa bwana harusi, ndiye aliyemlea kijana tangu alipobaki yatima. Akikataa, limekwisha.

Alikuja mchana. Rehema aliniminya: mikono mitupu, na mtu wa kule haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Tukasalimiana kwa urefu unaotakiwa. Akaletewa ugali na mboga, akanawa, akamega tonge moja, akaacha.

"Ndugu zangu," alisema, "hatuna ugomvi. Lakini watu wamemwona mama akipandishwa amefungwa, na daktari wa wehu pembeni yake. Lisemwalo lipo. Ugonjwa wa kichwa kwetu haujaingia, na hatutaki wajukuu wetu wauone."

Hapo nilijiona nina kazi ya kufanya. Nilieleza kuhusu khanga na ule mteremko. Nikaeleza nilivyosoma, nchi nilizosomea, wagonjwa niliowatibu. Nikasema katika nyumba ile nzima mimi ndiye ninayewajua wenye wazimu, na huyu hana.

Mama Tekla alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kama hana, Daktari, mbona umemleta wewe?"

Jibu nilikuwa nalo, neno moja, na nilikuwa nimeapa nisiliseme. Anselmi alinitazama akingoja. Monika alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa, na niliona anavyonitazama naye. Miaka yote ya kufundisha wengine namna ya kuzungumza na jamaa za wagonjwa, nikakaa pale nakuna goti.

Chumbani, nyuma ya pazia, Mama Monika akaita. Alimwita Tekla kwa jina, kisha akamwita na mwanawe. Wanawake wakaingia, Rehema nyuma yao. Mimi na Anselmi tukabaki nje na sahani ya ugali. Pazia lilikuwa kitambaa tu, na tulisikia kila kitu, hata bandeji ikifunguliwa.

"Tazama, Tekla. Kichwa changu kizima. Kinachoniua ni hiki, kinaitwa kansa, na Daktari nilimkataza kusema."

Anselmi alifunika uso kwa mikono. Monika akasema kitu kwa Kishambaa, taratibu sana. Anselmi akanitafsiria bila kuondoa mikono: anauliza kwa nini hakuambiwa.

"Ungekataa kuolewa ukae uniuguze," mama alijibu.

"Na sasa nakataa," Monika akasema, kwa Kiswahili, nadhani ili sote tusikie. "Siendi kwa mtu nikakuacha hivi."

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa limemfunga mama yule mdomo kule wodini. Alikuwa anaogopa jambo hili hili, na sasa limemfika chumbani mwake, mbele ya shangazi wa bwana harusi. Nilimwonea huruma hata nikataka kutoka nje.

Mama Tekla alikaa humo muda mrefu. Baadaye Rehema aliniambia kwamba Tekla ndiye aliyemfunga mama bandeji kwa mkono wake, na huku akifunga alisema mama yake mzazi alikufa na donda kama hilo, alilificha chini ya khanga mpaka siku walipomwosha kwenda kuzikwa. Mficha maradhi kifo humfichua, tunasema, lakini kusema ni rahisi.

Alipotoka, alinawa mikono. Akaketi, akavuta sahani ya ugali uliokwisha poa, akala mpaka akamaliza. Kisha akamgeukia Anselmi.

"Msichana hahami," alisema. "Kijana wetu atakuja kukaa hapa, wamuuguze mama pamoja, mpaka Mungu atakapoamua. Mwambie padri asitangaze ndoa Jumapili tatu. Atangaze moja."

Anselmi alishtuka. Mwanamume kuhamia kwa mama mkwe wake? Akasema watu watasema.

"Watasema," Mama Tekla akamjibu. "Wao hawajaona. Mimi nimeona."

Lushoto, na Rangwi mara ya pili

Nilishuka Lushoto kufundisha, Rehema nikamwacha na mgonjwa. Wanafunzi wangu walikuwa wazuri, waganga wasaidizi wanaotembea siku nzima kufikia wagonjwa wao, na niliwaambia habari ya khanga na machela kabla ya kuwaambia chochote kilichomo vitabuni. Harusi nilikuwa nimeahidi kuihudhuria. Nilinunua shati. Ijumaa mvua ikanyesha kama imekodiwa, barabara ya Magamba ikakatika, nami nikakaa Lushoto na shati langu jipya, natazama maji yakishuka, nikisikitika kama mtoto.

Barabara ilipofunguliwa harusi ilikuwa imepita. Nilipanda hivyo hivyo, na njia nzima niliogopa kwamba nitakuta matanga. Balozi wa Lukozi, ambaye tulikwisha ombana radhi mara nyingi kwa lile swali lake na jibu langu, alinipa habari zote: mama alikaa mlangoni pa kanisa kwenye kiti, wali ulitosha, boha, ile pombe yao ya miwa, ilizidi, Rehema aliimba nyimbo za Kibondei mpaka sauti ikakauka. Lakini hiyo, alisema, ni ya Jumamosi. Habari za tangu hapo hana.

Nyumba ilikuwa kimya nilipoikaribia. Monika alikuwa mtoni. Nikasimama kwenye migomba, sikutaka kubisha hodi, nikaona ua wa nyuma.

Mama Monika alikuwa juani kwenye kiti, amekonda zaidi, shuka begani. Klementi, mkwe wake, alikuwa amesimama karibu. Sharti niwaeleze kwamba kule mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani kumpisha mwenzake. Kijana wa watu alikuwa amempa mama mgongo, mkono mmoja ameurudisha nyuma na kikombe cha uji, anautafuta mkono wa mkwewe hewani. Mama naye ameinamisha uso upande mwingine, kama inavyotakiwa, anapapasa. Kikombe kikapita kulia kwake, kikapita kushoto, uji ukamwagikia miguu ya Klementi naye akavumilia. Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu kwa maumivu, na bado akacheka.

"Geuka, mwanangu," alisema. "Muda wa kuoneana haya mimi sina."

Klementi alisita, akatazama huku na huku kama kuna anayeona. Kisha akageuka, akapiga goti, akamshikia kikombe, mama akanywa.